Mshika Blanketi

Kazi yangu usiku ule ilikuwa blanketi.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shangazi Salme alinionya:
usikohoe, usiwashe tochi, usiliache liguse theluji.
Nikasimama ukingoni mwa ziwa Peipsi
nimelikumbatia kama mtoto wa kuazima.

Barafu waliipasua kwa shoka tangu jioni.
Tundu lile, upana wake kaburi, urefu wake kaburi;
hakuna aliyelisema hilo.
Maji yalikuwa meusi, yakinuka matete yaliyooza.
Mimi niliyefundishwa kwamba ubatizo ni kuoshwa
nilijiuliza nani aoge humu atoke safi.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Hillar hakuvua.
Hillar, fundi matrekta wa shamba la serikali,
shati jeupe la harusi lisilofunga tena tumboni,
soksi za sufu. Alishuka
kama anayeingia nyumba ya watu
bila hakika kwamba amealikwa.

Ndani, maji kifuani, alimngoja mchungaji Evald.
Mkono wake wa kulia una vidole vitatu.
Viwili vilibaki kaskazini, kwenye kambi ya magogo,
miaka saba, kwa sababu ya karatasi moja
iliyoandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri.
Kijiji kizima kiliujua mwandiko ule.
Hata mimi niliujua. Watoto hujua kila kitu,
hunyimwa tarehe tu.

Hillar alisema jambo. Sikulisikia, meno yake yaligongana.
Evald akajibu neno moja: Najua.
Kisha, kwa jina la Baba, na la Mwana,
akamlaza chali.

Moja.
Mbili.
Wengine wote walitoka kabla ya mbili.
Tatu.
Shangazi aliacha kuomba.
Nne. Vidole vitatu juu ya kifua cha yule mtu,
na duniani hapana shahidi ila sisi tisa na barafu,
na barafu haiitwi mahakamani.
Nikauona uso wa Evald.
Ulikuwa uso wa mfiwa.
Alikuwa anazika kitu chake mwenyewe,
miaka saba, labda, au vidole,
na kaburi lilikuwa hilo hilo moja,
na waliozikwa walikuwa wawili.
Tano.

Na la Roho Mtakatifu.

Akamwinua. Mbingu hazikufunguka.
Njiwa hakushuka; bundi mmoja tu, ng'ambo,
akalalamika kwamba tumemwamsha mapema.
Hillar alikohoa, akavuta pumzi kwa kelele
kama mtoto anayeipokea hewa bila kuiomba.
Nikakimbia na blanketi langu.
Lilikuwa la mtu mmoja.
Lakini hawakuachana, basi nikawafunika wote,
na likawatosha kwa shida.

Shati walilitundika nyuma ya banda.
Asubuhi lilikuwa limeganda, mikono imenyooka;
ukilishusha linasimama lenyewe ukutani,
mtu kamili asiye na mtu ndani.
Utu wa kale, alisema shangazi, akacheka,
yeye ambaye kucheka hakukuzoea.
Adhuhuri likayeyuka, likapiga magoti, likaanguka.
Jumatatu Hillar alilivaa kwenda karakana,
doa la grisi pale pale kwenye kola.

Sasa mimi ndiye shangazi, na wajukuu wananiuliza
maji hufanya nini hasa.
Sijui. Doa hayakulitoa.
Ninachojua ni kwamba mtu hajizamishi, wala hajiinui.
Hujilaza mikononi mwa aliyemkosea,
pumzi inakwisha,
na kuhesabu si kazi yake tena.

Blanketi ninalo bado. Lina harufu ya matete
kila mvua ikinyesha.